Kaptura ya Mzee Maruge

Katika kata ya Ihanda, wilayani Mbozi, msimu wa kuchuma kahawa ulipokwisha, familia moja ilikusanyika jioni kutazama The First Grader, filamu ya mwaka 2010 iliyoongozwa na Justin Chadwick na kupigwa picha nchini Kenya. Miongoni mwa watazamaji alikuwamo babu wa nyumba hiyo, mkulima ambaye hadi leo hutia dole gumba katika stakabadhi za mauzo ya kahawa yake.

Filamu hiyo inatokana na kisa cha kweli. Kimani Maruge, aliyepata kuwa mpiganaji wa Mau Mau, aliandikishwa darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, mwaka mmoja baada ya serikali ya Kenya kufuta karo katika shule za msingi. Katika filamu, mzee huyo ana barua ya serikali asiyoweza kuisoma. Anapokataliwa kwa kukosa sare, anaikata suruali yake iwe kaptura na kurudi langoni akiwa na soksi ndefu. Hapo babu alicheka hadi akafuta machozi.

La kustaajabisha ni kwamba mazungumzo ya filamu ni ya Kiingereza kwa sehemu kubwa, na babu haijui lugha hiyo. Kilichomfikishia maana ni uso wa mwigizaji mkuu, Oliver Litondo. Litondo aliwahi kuwa msomaji wa habari, yaani mtu aliyeishi kwa sauti yake. Lakini nguvu ya uigizaji wake imo katika ukimya. Maruge anapotakiwa kuchonga penseli, humrudia kumbukumbu ya mateso ya kizuizini, penseli kali ikisukumwa sikioni mwake. Wajukuu waliokuwa wakitafsiri waliacha kutafsiri.

Ucheshi wa filamu hii, basi, si pambo. Kaptura humkaribisha mtazamaji kwa mzee kabla hajaanza kumhurumia. Ndipo penseli inapomkuta hana kinga.

Filamu ilipokwisha, babu aliuliza, "Ile barua, mwishowe aliisoma mwenyewe?"

"Hapana, Babu. Alisomewa."

Mzee alitafakari kidogo. "Basi alikuwa bado darasani."

Asubuhi yake alimwita mjukuu huyohuyo, akamtandazia stakabadhi za msimu mzima. Hakutaka asomewe. Alitaka aonyeshwe mahali palipoandikwa kilo.