Moshi wa Magodoro na Kufuli la Bweni

Usiku wa kuamkia Ijumaa moja ya mwaka jana, muda mfupi baada ya sala ya Isha, stoo ya msikiti wetu ilishika moto. Chanzo chake kilikuwa waya wa umeme uliochakaa, nao ulikuwa umepitishwa chini ya zulia kuukuu ili usichukize macho. Moto wenyewe haukuwa mkubwa. Vijana waliuzima kwa ndoo za maji ya kutawadhia, na vilivyoteketea ni zulia hilo, magodoro matatu ya sponji na boksi la risiti zetu. Lakini mzee wetu muadhini, aliyeingia kuokoa kipaza sauti, alitolewa akiburutwa. Mwilini hakuwa na alama ya kuungua. Hata kanzu yake ilikuwa nzima, ila imekuwa nyeusi. Alilazwa siku nne.

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto, nasi tukazoea kuudhania moshi kuwa ni tarishi tu. Usiku ule tulimwona tarishi akifanya kazi ambayo moto haukuiwahi.

Chuoni tulifunzwa kutolipokea jambo kabla ya kulitafutia asili yake. Kwa hiyo, baada ya kumjulia hali mzee, tulikaa kusoma habari za moshi, elimu ambayo hatukuwahi kuigusa. Moshi, kwa kifupi, ni moto usiokamilika. Kitu kinapoungua vyema, kaboni iliyomo huungana na oksijeni na kuondoka kama hewa isiyoonekana. Oksijeni ikipungua, au kitu chenyewe kikiwa plastiki au sponji, sehemu ya kaboni hukosa kuungua, chembe zake hushikana, na hayo ndiyo masizi yanayoupa moshi weusi. Pamoja na masizi hutoka kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni. Sponji ya godoro ina naitrojeni ndani yake, kwa hiyo huongeza na sumu ya sianidi. Mzee wetu alivuta haya yote kwa muda usiotimia dakika tatu.

Tulisoma pia habari ya duka kubwa la mjini Manchester, Uingereza, lililoungua mwezi wa Mei 1979, wakafariki watu 10. Samani za sponji zilikuwa zimepangwa ghorofani, na chanzo kilichodhaniwa ni waya wa umeme ulioharibika. Madirisha yalikuwa na nondo. Tulipofika kwenye neno hilo la nondo tuliacha kusoma kwa muda, na sababu yake tutaieleza hapa chini.

Baada ya misiba ya namna hiyo Waingereza walitoa kanuni za samani mwaka 1988, na watafiti wa nchi mbalimbali wakaendelea kutafuta njia za kuupunguza moshi. Kumbe kuukaba moto si sawa na kuukaba moshi. Dawa za zamani zenye klorini au bromini, zikichanganywa na antimoni, huuzuia mwali usisambae. Lakini mwali uliokabwa haumalizi kazi yake, na moshi pamoja na kaboni monoksaidi huweza kuzidi. Ndipo wakageukia vitu vingine. Aluminiamu haidroksaidi, unga mweupe, ikipata joto la nyuzi 200 hivi hutoa maji, takriban theluthi ya uzito wake, yakapoza kinachoungua. Misombo ya molibdenamu na zinki borati hutiwa katika plastiki za nyaya ili kaboni ibaki chini kama mkaa badala ya kupaa. Kwenye mafuta ya dizeli walijaribu bariamu: weusi wa moshi ulipungua, lakini madini yakawa yanatoka kwenye bomba la gari. Si kila moshi usioonekana ni salama.

Wamarekani nao walitengeneza sanduku la kuupimia moshi. Kipande cha kitu huchomwa ndani yake, kisha hupitishwa mwanga na kupimwa ni kiasi gani kimefika upande wa pili. Hawapimi sumu hapo. Wanapima kuona, kwa sababu asiyeuona mlango hatoki.

Na hapa ndipo ilipo sababu tuliyoiahidi. Madrasa yetu ina bweni la wavulana 32. Madirisha yake yana nondo. Mlango ni mmoja, na kwa miaka miwili ulikuwa ukifungwa kwa kufuli nje kila usiku, ili vijana wasitoroke kwenda kutazama mpira. Uamuzi huo umo katika daftari la kumbukumbu za kamati, na mkono ulioandika ni wetu sisi katibu. Tuliuandika kwa hati nzuri. Tuliuandika baada ya Septemba 2020, ambapo watoto 10 wa shule ya msingi ya Kiislamu wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, walifariki katika moto wa bweni; nasi tulikuwa miongoni mwa waliosoma dua ya kuwaombea.

Kikao cha kamati kilikuwa kirefu. Tulipowauliza wauza magodoro juu ya moshi wa sponji zao, walitutajia rangi na udhamini wa miaka. Mweka hazina, ambaye hatumlaumu kwani fedha anazijua yeye, alisema magodoro bora hatuyawezi kwa mwaka huu. Mzee mmoja akauliza vijana wakitoroka atajibu nani mbele ya wazazi. Muadhini, ambaye sauti yake haijarudi sawasawa, hakusema kitu. Alikohoa tu, na mjadala ukapungua.

Tulikubaliana mlango wa pili utobolewe upande wa kibla, nondo za madirisha mawili ziwekewe bawaba zifunguke kwa ndani, na nyaya zote zibadilishwe. Fundi alimaliza mwezi wa Shaabani. Magodoro 32 ni yale yale bado. Kufuli tumelihifadhi ofisini, ndani ya droo ya daftari, na vijana wawili walikwisha kutoroka kwenda kutazama mpira.