Mfinyanzi Hulia Gaeni

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Bernard Palissy wa Saintes, Ufaransa, alipita hapo: alikosa hata meza ya kuliwekea hilo gae.

Katika karne ya 16 alionyeshwa kikombe cha udongo kilichovikwa utando mweupe, unaong'ara kama kioo. Hakuwa mfinyanzi wala hakuwa na mwalimu. Riziki yake ilikuwa kuchora vioo vya madirisha na kupima ardhi. Akaanza kusaga madini, kuyapaka juu ya vigae na kuyachoma. Ikapita miaka ipatayo 16. Siku moja kuni zikamwishia kabla utando haujayeyuka. Akatia jokoni miti ya uzio wa bustani, kisha meza, kisha mbao za sakafu. Mjini wakamwita mwendawazimu. Nyumbani mkewe akamlaumu.

Hatimaye alifaulu. Sahani zake zikajaa nyoka, mijusi, samaki na kombe, waliotolewa kwa kalibu za viumbe wenyewe, wakimeta kana kwamba wametoka majini sasa hivi. Malkia Catherine de Médicis akampa kazi Paris.

Mkasa huo wajulikana kwa kuwa Palissy aliuandika mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1580. Lawama za mke zimo humo, lakini kwa kalamu ya mume. Azitazamaye sahani hizo huusifu moto. Na amkumbuke pia aliyelea watoto katika nyumba ambayo sakafu yake ilikwisha kuwa kuni.