Kitonga: Rejeta ikichemka, angalia chupa iliyo chini ya kiti

Ukipita Ruaha Mbuyuni kuelekea Iringa, unaanza kuupanda Mlima Kitonga. Malori yaendayo Zambia hupanda taratibu kwenye kona kali, na gari lenye rejeta mbovu huchemsha. Abiria hushuka, dereva anasubiri injini ipoe. Akifungua mfuniko ungali wa moto, mvuke utambabua.

Kulanti isiyochanganywa kiwandani kwa kawaida huchanganywa na maji safi nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo huchelewa kuchemka kuliko maji matupu, tena huzuia kutu. Tatizo ni inayobaki: wengine huitia kwenye chupa ya soda na kuisukumia chini ya kiti.

Jua la Kitonga huleta kiu, na mtoto mwenye kiu hachagui chupa. Kulanti nyingi zina ethilini glikoli, sumu yenye ladha tamu inayoharibu figo na kuweza kuua. Aliyeinywa huweza kuyumba kama mlevi, kisha akaonekana ana nafuu. Asitapishwe, wala dalili zisisubiriwe. Akimbizwe hospitali pamoja na chupa hiyo.

Kulanti ibaki kwenye dumu lake, kwenye buti.