Mwezi Juu ya Mji wa Kale

Kazi ya kupiga picha niliianzia Msambweni, katika studio ya chumba kimoja: picha za pasipoti, watoto wa Idi na nguo zao mpya, na wikendi harusi za hoteli za Diani. Enzi hizo filamu zilisafishwa Mombasa, nami ndiye niliyevuka nazo feri ya Likoni. Nikizingoja, nilizunguka Mji wa Kale. Ndipo ikaniingia tamaa ya picha moja tu: mji wote kutoka ng'ambo ya maji, pande za Mkomani, mwezi ukitua nyuma ya mapaa huku jua la asubuhi likizigonga kuta.

Niliitaka kutoka majini kwa sababu mji ule ulijengwa kumpokea mtu wa jahazi. Ngome ya Yesu, waliyoijenga Wareno kuanzia 1593, inalinda mlango wa bandari. Roshani za nyumba zinatazama maji. Ukiupiga kutoka Barabara ya Nkrumah unapata kisogo.

Hesabu za maji nilifunzwa na wavuvi wa Gazi. Mwezi ukiwa mpevu, bahari hujaa mwendo wa saa kumi alfajiri, na kila siku huchelewa kwa karibu saa moja. Mwezi nao huchelewa kutua. Basi asubuhi ya baada ya mwezi mpevu hukutanisha yote: maji bado yamefunika matope, jua linachomoza, na mwezi uko juu kidogo tu ya mapaa. Lakini si mwezi wowote wa mwaka. Ule wa Disemba hutua kaskazini mno. Wa Juni na Julai huteremka kusini-magharibi, palepale ninapopataka. Na hiyo ndiyo miezi ya kusi, mawingu na manyunyu ya alfajiri.

Kwa hiyo tarehe hizo sikuchukua harusi ya mtu, hata mwaka ambao karo ilinibana. Nililala Kisauni kwa shangazi, naye hakuchoka kuniamsha.

"Shikamoo, shangazi. Kukoje nje?"

"Marahaba, mwanangu. Wingu limetanda, lakini wewe nenda. Kusi halina ahadi."

Kabla ya macheo kuta ni nyeusi na mwezi unang'aa kupita kiasi. Jua likipanda, mwezi unafifia. Katikati pana dakika chache, na mwaka fulani wa Julai dakika hizo zilinijia bila wingu. Nilipiga kwa lenzi ndefu hadi mkanda ukaisha.

Picha niliyoipenda niliipeleka Kibokoni. Bibi mmoja akaishika karibu na dirisha, akatafuta kwa kidole mpaka akalipata paa la marehemu baba yake, akataka nakala kubwa ya kutundika sebuleni. Nilimsafishia kubwa kuliko zote nilizowahi kutoa, na pesa yake sikuipokea.