Gudulia Katika Jumba la Picha

Katika mji wa Washington, makao ya serikali ya Marekani, lipo jumba kubwa la picha lililofunguliwa mwaka 1941. Msafiri huingia humo akitaraji kuona sura za wafalme na matajiri, nazo zimo. Lakini sisi twavutwa zaidi na hazina nyingine ya jumba hilo: michoro zaidi ya 18,000 ya rangi za maji, ionyeshayo vyombo vya watu wa kawaida.

Habari yake ni hii. Baada ya mwaka 1929 biashara iliporomoka nchini humo, na wachoraji wengi wakakosa riziki. Tangu 1935 hata 1942 serikali iliwalipa mshahara wachore vitu vya kale vya majumbani, ili vipotee vyenyewe lakini sura zao zibaki.

Miongoni mwa michoro hiyo yamo magudulia ya kijivu yenye maua ya buluu. Mfinyanzi alitupa chumvi tanuuni moto ulipokuwa mkali kabisa; mvuke wake ukashikana na udongo, ukafanya ngozi ngumu ing'aayo, isiyopitisha maji. Humo watu walitia siki au asali ya miwa. Mchoraji naye hakulipamba gudulia kupita lilivyo. Weupe wa karatasi ameuacha uwe mng'aro wake, na penye ufa amechora ufa. Jina la mchoraji limeandikwa. La mfinyanzi, mara nyingi, halijulikani.

Sisi Waislamu tuna haki ya kuujali udongo, kwani Suratur-Rahman yatufundisha kuwa mwanadamu aliumbwa kwa udongo mkavu mfano wa vyombo vya mfinyanzi. Tena gudulia si kiumbe chenye roho. Mzazi achelewaye kumfundisha mwanawe kuchora, hapa hana la kuhofu.

Mtungi wetu haukutiwa ngozi ile ya chumvi, na hiyo ndiyo sifa yake. Maji hupenya kidogo kidogo, hukauka nje, na kukauka huko huondoa joto. Yaliyobaki ndani yakawa baridi. Leo ndoo za plastiki na majokofu vimeusukuma pembeni, na ukivunjika haununuliwi mwingine.

Basi enyi vijana, uchoreni mtungi wa bibi kabla haujavunjika, na ufa wake pia. Kisha mwulizeni bibi ni nani aliyeufinyanga, mkaliandike jina hilo chini ya mchoro. Hapo mtakuwa mmefanya jambo ambalo Washington, pamoja na utajiri wake, mara nyingi halikuwezekana.