Kisiwa cha koko yangu: hadithi niliyoandika kabla ya kuuliza



Wiki hii nataka tusafiri pamoja mpaka Idjwi, kisiwa cha upande wa mama yangu. Sikuenda huko kutembea tu. Nilienda kwa sababu ya hadithi moja niliyoiandika katika kaye. Mama yangu alipoisikia, aliniuliza: "Hiki ni kisiwa cha nani?"

Nianze mwanzoni. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa hapa Bukavu. Vitabu tunavyosoma darasani vinazungumza juu ya theluji, treni na bahari. Wanafunzi wangu wanaliona ziwa Kivu kila asubuhi wakishuka kwenda masomo, lakini hawajawahi kulikuta ndani ya hadithi. Nikasema, basi nitaandika mimi mwenyewe, hata kurasa kumi tu, tusome pamoja.

Nikachagua Idjwi kwa sababu koko aliyemzaa mama yangu alizaliwa kule. Tulipokuwa wadogo, jioni tukingoja chakula kiive, alikuwa akitutajia kisiwa: nanasi, kasiksi, milima, maji pande zote. Yeye alishafariki. Niliona yale niliyoyakumbuka yanatosha, na yaliyobaki nitayabuni. Si hadithi tu?

Nikaandika juu ya msichana, nikamwita Furaha. Nikaweka mwaka 1948, wakati koko naye alikuwa msichana. Furaha anaanika sambaza juu ya mawe. Baba yake anaenda kuvua usiku na taa. Dhoruba inakuja, mtumbwi unapinduka, na Furaha, akiwa kando ya ziwa, anasikia baba yake akiita mara tatu, halafu kimya. Niliandika ukurasa ule na machozi, nikajiona mwandishi kweli.

Mama alikuwa anatwanga sombe wakati nilipomsomea. Nilipofika pale baba anapozama, mchi ulisimama. Hapo ndipo aliniuliza kisiwa ni cha nani. Halafu akasema: "Mimi nilitoka kule ningali mdogo. Nenda kwa mama yako mkubwa, umsomee yeye." Akaanza tena kutwanga, na hakutaka kusema zaidi.

Nilienda wakati wa likizo ya Pasaka. Boti ilikuwa ya mbao, yenye motere moja, na sisi tulikaa kati ya mifuko ya simenti, masanduku ya sabuni, godoro mbili na mbuzi mmoja aliyelia mpaka tukafika. Wamama, mkipanda boti zile ombeni jile ya kuogelea, muivae hata ikinuka mafuta, na watoto wavalisheni kwanza. Ziwa hili linaonekana tulivu, lakini mahali pengine kina chake kinakaribia mita 500, na upepo wake hautumi barua.

Bukavu ilibaki nyuma na rasi zake zilizoingia majini kama vidole vya mkono. Kushoto tuliona milima ya Kabare, kuume Rwanda. Mama mmoja aliyekuwa anarudi na vikapu vyake vitupu vya nanasi aliniuliza: "Weye, unaenda kuuzisha nini?" Nikamjibu siendi kuuzisha, naenda kuuliza habari za zamani. Akacheka: "Basi utarudi na muzigo kuliko mimi." Nilidhani ni mzaha.

Idjwi ni kisiwa kirefu, karibu kilometa 40 toka kusini mpaka kaskazini, na watu wake wamepita laki mbili. Kuna sheferi mbili: Rubenga upande wa kaskazini na Ntambuka upande wa kusini. Ukishuka kwenye boti, unapanda moto, halafu njia inakuwa nyembamba na unaendelea kwa miguu kati ya migomba, maharagwe, mihogo na kahawa. Hakuna kipande cha ardhi kinacholala bure.

Mama mkubwa amepita miaka sabini. Alinipokea kama mtoto aliyechelewa kurudi kutoka kisimani: hakuuliza nimekuja kufanya nini, alinipa maji ya kunawa na kunivutia kiti. Tulikula bugali na maharagwe. Kesho yake, chini ya mgomba, nilifungua kaye. Niliandika kwa Kifaransa, kwa hiyo nikawa namgeuzia kwa Kiswahili, naye ananijibu kwa Kihavu, mikono yake ikiendelea kuambua maharagwe.

Sikumaliza ukurasa wa kwanza. "Sambaza?" akasema. "Mwaka gani huo? Mimi nilikuwa tayari nina watoto wakati sambaza zilianza kuuzwa hapa. Mama yangu alikuwa msichana. Sambaza gani aanike?"

Niliona haya. Niliporudi Bukavu, mwenzangu anayefundisha biolojia alinieleza vizuri. Sambaza si samaki wa asili wa ziwa Kivu. Zilitolewa ziwa Tanganyika na kutiwa huku karibu mwaka 1959, kisha zikachukua miaka mingi kuongezeka. Uvuvi ule tunaouona usiku, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu katikati, taa zikiwaka na wanaume wakiimba, ulikuja kwa ajili ya samaki huyu. Chakula nilichofikiri ni cha mababu kumbe kina umri wa mama yangu!

Mama mkubwa aliendelea kunisahihisha. Nilikuwa nimeweka mamba katika maji. Alicheka mpaka akashika ubavu, kwa sababu katika ziwa Kivu watoto wanaoga bila kufikiria mamba. Nilikuwa nimeweka sufuria juu ya moto. Akasema nyumbani kwao walipikia katika vyungu vya udongo, na wafinyanzi walikuwa Bambuti. "Hao hujawaweka hata mmoja," akaniambia. "Wewe umeandika kisiwa kisicho na Bambuti, na wao walikuwa hapa mbele yetu." Nilikuwa nimeeleza kilima kitupu chenye mikalatusi kama nilivyokiona njiani, akanionyesha kwa kidole mahali msitu ulipofika wakati wa utoto wake.

Nikaandika yote. Nilikuwa bado na furaha, kama mwanafunzi ambaye mwalimu anamsahihishia dikte. Halafu tukafika kwenye kifo.

Nilisoma dhoruba. Nilisoma mtumbwi kupinduka. Nilisoma baba akiita mara tatu. Mama mkubwa hakulia. Aliweka sahani ya maharagwe chini na kuniuliza polepole: "Kama hakukuwa na sambaza, wala taa za kuvulia, baba huyu alikuwa anatafuta nini usiku katikati ya ziwa?"

Sikuwa na jibu. Akasema: "Mimi namjua mwanaume mmoja tu aliyeingia ziwani usiku peke yake. Alikuwa mume wangu."

Wamama, mimi nilikua nikiambiwa kwamba baba mkubwa alienda Goma kutafuta kazi na hakurudi. Nilifikiri aliwaacha. Kila mtu katika jamaa alifikiri hivyo, hata watoto wake. Siku ile nilisikia mengine. Katika miaka ya vita, kahawa ya kisiwa haikuwa na mnunuzi wa kweli upande wetu, na kila kizuizi kilitaka chake. Kwa hiyo wanaume walipakia mifuko katika mtumbwi, wakavuka gizani mpaka Rwanda, wakabadilisha kahawa na sabuni, chumvi, sukari, au fedha kidogo. Ilikatazwa, na usiku ulikuwa na upepo. Wengi hawakurudi.

Baba mkubwa aliondoka na mifuko miwili. Mtumbwi ulionekana kesho yake, yeye hakuonekana. Kwa sababu ilikuwa magendo, wazee walimwambia mama mkubwa aseme kwamba mume wake ameenda Goma. Hakukuwa na mwili, kwa hiyo hakukuwa na kilio wala kaburi. Alibaki na watoto wanne, na jina la mwanamke aliyeachwa.

Hapo nilielewa kwa nini mchi wa mama yangu ulisimama. Nilifunga kaye. Nikamwambia nitachana ukurasa ule.

"Usiuchane," akasema. "Lakini usiandike kwamba aliita. Hakuna mtu aliyesikia. Kama tungesikia, tungejua saa. Mimi mpaka leo sijui ni saa ngapi."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimechukua kitu cha watu bila kujua ni chao. Niliandika kuzama kwa mtu kwa sababu kulipendeza hadithi, na hatua chache kutoka pale alilala mwanamke aliyezamishiwa mtu kweli. Wengi wetu tunasema hadithi ya kubuni haina deni. Lakini ukiiweka katika nchi ya wazazi wako, kila jiwe lina mwenyewe. Unaweza kubuni msichana na nguo yake. Lakini ziwa huwezi kulibuni, wala yale lililowafanyia watu.

Asubuhi nilimuuliza wazi: je, naweza kuandika usiku ule wa kahawa? Je, naweza kuwaeleza wamama katika karatasi yetu? Alifikiri muda mrefu. Akasema: "Jina lake uliache. Kijiji ukiache. Usiku uandike, kwa sababu wajane wa kahawa hapa si mimi peke yangu. Lakini ngojea. Watoto wangu wasisome katika karatasi kabla ya kusikia kwa mdomo wangu."

Nilingoja. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katika wiki ya saba simu ililia. Alisema maneno machache tu: "Niliwakusanya. Wanajua. Tulilia kilio chake. Andika."

Ndiyo sababu ninaandika leo.

Hadithi yangu sasa si ya 1948 tena. Furaha anaishi katika miaka ya vita. Sambaza zipo, kwa sababu wakati huo zilikuwapo. Jirani anayewauzia chungu ni mama wa Kimbuti, naye ana maneno yake. Baba anaondoka na kahawa, na Furaha hasikii chochote. Anakaa kwenye mlango mpaka kunakucha, na ukurasa mzima ni ule mlango. Mwishoni niliongeza jambo moja ambalo mama mkubwa alinionyesha kabla sijapanda boti: siku hizi kahawa ya kisiwa inanunuliwa mchana, kuna kooperative na mahali pa kuioshea, na wanawake nao wanaleta mifuko yao na kuandikwa kwa majina yao wenyewe.

Niliisoma darasani. Mwanafunzi mmoja wa nyuma, ambaye hasemi mara nyingi, aliniuliza kama Furaha ni mtu wa kweli. Nikamjibu hapana. Akaniuliza kama ziwa ni la kweli. Nikamwambia ndiyo, tazama dirishani.

Wamama, ninajua wengi wenu mna Idjwi yenu: Shabunda, Fizi, Walungu, Masisi, Kasongo, mahali mlipozaliwa au mahali ambapo koko zenu walizaliwa. Watoto wetu wa mjini wanajua majina tu. Kama mnataka kuwaandikia hadithi ya kule, au kuwasimulia tu jioni, ninawaachia haya niliyojifunza kwa haya yangu.

Uliza chakula kwanza, na uulize mwaka. Vitu tunavyoviita vya asili vingine vimekuja juzi. Uliza walipikia nini, waliwasha nini usiku, chumvi ilitoka wapi, nani aliishi pale kabla yao.

Soma ulichoandika kwa sauti mbele ya mtu wa kule, hasa mwanamke mzee. Usimsomee ili akusifu. Tazama mikono yake. Ikisimama, nawe simama.

Ukikuta siri, si yako. Badili jina, badili kijiji, lakini zaidi ya hayo omba ruhusa, na ungoje jibu hata likichukua miezi. Kuna watoto wanaopaswa kusikia kabla ya wasomaji.

Na usingoje sana kwenda. Mimi koko yangu alifariki kabla sijamuuliza hata swali moja la maana. Nilikuwa nasikiliza nikingoja chakula tu. Kama ningali na mama mkubwa, ni kwa neema.

Jumamosi, baada ya kuhesabu pesa za likelemba, ninaomba nusu saa. Kila mmoja aje na habari moja ya mahali pa wazazi wake, hata ikiwa ni ya chungu tu. Nitaleta kaye mpya na biki. Asiyejua kuandika aseme, mimi nitamwandikia, kisha nitamsomea mpaka aseme: ndiyo, hapo ni kwetu.