Kanuni Moja, Maaskofu Wengi

Mlutheri wa Rwanda akilitaja Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani (ELCA), hulitaja kwa jambo moja: mwaka 2009, mkutano wake mkuu huko Minneapolis uliruhusu watu walio katika uhusiano wa kudumu wa jinsia moja kuwa wachungaji. Maaskofu wa Tanzania, nchi ambako baba yangu alibatizwa akiwa mkimbizi, walijibu kwa Tamko la Dodoma mwaka 2010, na kwetu mjadala ukafungwa. Mimi navutiwa zaidi na miaka ya kabla ya hapo, wakati kanuni ya kukataza ilipokuwa bado ipo.

Mwaka 1990 sharika mbili za San Francisco ziliwawekea mikono watu watatu waliokataa kuifuata kanuni hiyo. Zikasimamishwa, na mwisho wa mwaka 1995 zikafukuzwa. Mwaka 2007 mchungaji Bradley Schmeling wa Atlanta, ambaye mwenyewe alimwambia askofu wake kwamba ana mwenzi, aliondolewa katika orodha ya wachungaji. Usharika wake uliendelea naye vilevile, wala haukufukuzwa. Agosti mwaka huohuo mkutano mkuu uliokaa Chicago ukawasihi maaskofu wajizuie kuwaadhibu wachungaji wa aina yake. Kanuni ikabaki ilivyo.

Hapo ndipo ninapokwama. Kanuni ipo, lakini askofu anaombwa asiitumie. Basi usalama wa mchungaji haukutegemea tena kilichoandikwa, ulitegemea yuko chini ya askofu gani. Tena aliyesema kweli ndiye aliyeumia. Aliyenyamaza alibaki na kola yake.

Wenzangu darasani hudhani nikiitaja Atlanta natetea ndoa za jinsia moja. Mimi namfikiria baba mdogo.

Baba mdogo alikuwa mwinjilisti. Binti yake alipokwenda kuishi na mwanamume bila ndoa ya kanisani, wazee walimsimamisha baba mdogo kazi, wakamtenga na meza ya Bwana miezi sita, kisha akasimama mbele ya usharika mzima kutubu ili arudi kundini. Kutubu nini, sijui. Binti alikuwa na miaka ishirini na minne. Mwaka uliofuata mtoto wa mchungaji akafanya vilevile. Tulialikwa kwake, tukala pilau, na Jumapili mchungaji akahubiri kama kawaida.

Nilimuuliza baba mdogo kwa nini hakusema kitu.

"Mwanangu, kanuni ni za wainjilisti," akasema, akacheka. Mama mdogo hakucheka.

Wamarekani angalau wana kumbukumbu. Kamati iliyomwondoa Schmeling iliandika wazi kwamba kanuni yenyewe ina kasoro, na mtu anaweza kuyasoma hayo leo na kubishana nayo. Baba mdogo hakupewa hata barua ya kusimamishwa. Aliambiwa tu, nje ya kanisa, baada ya ibada, arudishe funguo.